Ramani Mkononi, Miguu Njiani: Mwongozo Kamili wa Kuandaa Mchezo wa Vituo Katika Arboretum ya Nairobi

Pale kwenye daraja la mto Kirichwa Kubwa, msichana wa miaka tisa hivi alisimama, akaishusha ramani hadi usawa wa kifua, akaizungusha polepole mpaka mto wa kwenye karatasi ukalala sambamba na mto uliokuwa chini ya miguu yake. Bibi yake alikuwa ameshaanza kupanda kijia cha kulia. "Shosho, rudi, ni huku," akamwambia, na akanyoosha kidole kushoto. Bibi akarudi. Dakika tatu baadaye nikawasikia wakishangilia nyuma ya miti, nikajua wamekiona kituo cha nne.

Mtoto yule hakuwa ameongozwa na mtu. Alikuwa na karatasi moja, maelezo ya dakika tano aliyopewa langoni, na bibi mwenye subira. Wanaoucheza mchezo huu huuita orientiringi: unapewa ramani yenye vituo, unajitafutia njia ya kutoka kimoja hadi kingine, na unarudi na ushahidi kwamba ulifika. Ulizaliwa kwenye majeshi ya Skandinavia, na shindano la kwanza la raia lilifanyika karibu na Oslo, Norwe, tarehe 31 Oktoba 1897. Huku kwetu wengi wameonja sehemu yake kwenye skauti, au kwenye safari za miguu za Tuzo ya Rais, ule mpango wa vijana, bila kuujua kwa jina hilo.

Ninaoueleza hapa ni ule wa kujiongoza. Hakuna kipenga, hakuna wote kuanza pamoja. Bustani iko wazi, vituo viko mahali pake tangu asubuhi, na mtu anakuja na familia yake saa tatu au saa sita, anachukua ramani na kuondoka. Ndiyo maana kazi yote hufanywa kabla ya siku yenyewe. Mshiriki akikwama kule ndani hana wa kumwuliza, kwa hiyo ramani ni lazima iseme kweli. Nitarudi kwenye neno hilo mara nyingi, kwa sababu kila mara nilipoona watu wakirudi wamenuna, chanzo kilikuwa ramani iliyosema uongo mdogo.

Kuchagua mahali na kuomba ruhusa

Nimechagua Arboretum, bustani ya miti ya Nairobi, kwa sababu ndiyo ninayoijua kijia kwa kijia, na kwa sababu inamfaa mgeni wa mchezo huu. Ilianzishwa mwaka 1907, wakati reli ikila kuni nyingi na serikali ya kikoloni ikitaka kujua ni miti gani ya kigeni ingekua upesi hapa. Leo ina hekta 30 hivi na zaidi ya aina 350 za miti, mingi ikiwa na vibao vya majina. Ni ndogo kiasi kwamba aliyepotea kabisa akitembea upande wowote atafika kwenye ua, barabara au mto ndani ya dakika chache. Kwa mara ya kwanza usiende Karura. Ule ni msitu wa zaidi ya hekta 1,000, na kosa dogo la mwandaaji huko linaweza kumgharimu mtu mchana mzima.

Arboretum iko chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya, ikishirikiana na jamii ya marafiki wa bustani. Nenda ofisini mwezi mmoja kabla, ukiwa na barua yenye tarehe, saa, idadi ya watu unaowatarajia, na mchoro wa mahali utakapoweka vituo. Huo mchoro ndio unaokufungulia mlango. Ofisa akiona kwamba hutapiga msumari kwenye mti wala kupitisha watu kwenye miche michanga, mazungumzo huwa mepesi. Uliza pia ada ya kiingilio kwa kundi, uwaambie washiriki mapema ili mtu asifike langoni akajikuta hana.

Kuna mambo matatu ya mahali hapa ambayo mgeni wa jiji hayajui. Bustani inapakana na Ikulu, kwa hiyo droni usiifikirie kabisa, na waambie watu wasielekeze kamera upande huo. Pili, tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika mbuga, misitu na fukwe zilizohifadhiwa nchini Kenya. Chupa za maji za dukani zibaki nyumbani, kila mtu aje na chupa yake ya kujaza. Tatu, chini ya miti kuna watu wa maombi. Wengine huja alfajiri wakakaa mpaka jioni, wakisali kwa sauti, kila mmoja na mti wake. Usiweke kituo kwenye mti wa mtu. Zunguka siku mbili tofauti uone wanapopenda kukaa, kisha paepuke.

Kupata ramani

Karatasi ya ramani ya taifa ya kipimo cha 1:50,000, ile tuliyofanyia mtihani wa jiografia kidato cha nne, haifai hapa. Kwenye karatasi hiyo Arboretum nzima inatoshea chini ya ukucha wa kidole gumba. Unahitaji ramani ya 1:4,000 au 1:3,000. Kwa 1:3,000, sentimita moja ni mita 30, na bustani yote inaingia kwenye karatasi moja ya A4.

Mahali pa kuanzia ni OpenStreetMap, ramani huru ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea. Nairobi ina historia nzuri nayo: mwaka 2009 vijana wa Kibera walizunguka mtaa wao na vifaa vya GPS na kuuchora, kwa kuwa hadi wakati huo kwenye ramani nyingi palionekana kama msitu mtupu. Ipo huduma ya bure iitwayo OpenOrienteeringMap inayochukua data hiyo na kukutolea ramani yenye alama za mchezo huu. Ukitaka kuirekebisha kwa mkono wako, tumia OpenOrienteering Mapper, nayo ni ya bure. Ya kupangia vituo ni Purple Pen. Zote tatu huhitaji kompyuta ya kawaida tu.

Rangi zitawachanganya watu, kwa hiyo zijue vizuri kabla hujamfundisha mtu. Kwenye ramani za mchezo huu, nyeupe ni msitu. Ndiyo, msitu: ule wa miti mirefu ambao mtu anaweza kukimbia chini yake bila kuzuiwa. Njano ni uwanda wa nyasi. Kijani ni kichaka kinachokupunguza mwendo, na kadiri kinavyokolea ndivyo unavyozidi kukwama. Buluu ni maji, nyeusi ni njia, majengo na mawe, kahawia ni kontua, yaani mistari ya kuonyesha miinuko. Sisi tuliolelewa na ramani ambazo kijani ndiyo miti na nyeupe ni mahali patupu tunasoma kinyume kabisa. Nimemwona mwalimu wa jiografia, mtu hodari, akiwapeleka wanafunzi wake moja kwa moja kwenye kijani kilichokolea akiamini huko ndiko kwenye kivuli kizuri. Sasa hili ndilo jambo la kwanza ninalolisema langoni, kabla hata ya salamu kuisha.

Kutembea ardhi yote kabla ya kuweka kituo chochote

Chapisha ramani ghafi, chukua penseli, tembea kila kijia. Ramani ya kompyuta haijui kwamba kijia cha kusini kilifungwa na mti ulioanguka, wala kwamba watu wamekanyaga njia mpya ya mkato kuelekea vyooni. Usipoichora njia hiyo, mshiriki ataikuta, ahesabu "njia panda ya tatu" pale ambapo kwenye ramani ni ya pili, na kuanzia hapo kila kitu kinaharibika.

Pima kwa miguu. Tafuta mahali palipopimwa mita 100, tembea kawaida, uhesabu kila mguu wa kulia unapokanyaga. Wengi hupata kati ya 60 na 70. Andika namba yako nyuma ya ramani. Ukitaka kujua kama benchi liko mita 40 kutoka njia panda, sasa una rula uliyozaliwa nayo.

Na zingatia msimu. Ukitembea Februari ukaandaa mchezo wa Mei, masika yameshanyesha hapo katikati, na kile ulichokichora uwanda huenda kimeota vichaka hadi kiunoni. Kingo za mto nazo huteleza. Mimi hutembea mara mbili, mwezi mmoja kabla na tena ile wiki yenyewe.

Kuweka vituo

Kanuni ni hii: kituo kiwekwe kwenye *kitu*, na kitu hicho kiwe kwenye ramani. Njia panda, mwisho wa daraja, kona ya jengo, jiwe kubwa, mti uliosimama peke yake kwenye nyasi. Kusema "katikati ya msitu, upande wa kaskazini" ni kumfanyisha mtu bahati nasibu.

Na hakikisha kitu hicho hakina pacha. Nilijifunza hilo kwa uchungu. Niliweka kituo kwenye benchi, na ramani yangu ilionyesha benchi moja. Baba mmoja na wanawe wawili walizunguka pale karibu saa nzima, kwa sababu ndani ya mita 40 kulikuwa na mabenchi matatu na mimi nilikuwa nimechora lile nililolijua tu. Waliporudi hakufoka. Aliniambia, "Ramani yako ina benchi moja, bustani ina matatu." Watoto walikuwa wamechoka, mdogo amelala begani. Tangu siku ile, nikichagua kitu chochote huzunguka mita 50 pande zote nikitafuta ndugu zake.

Kwa wanaoanza, vituo 8 hadi 10 na urefu wa kilomita 2 vinatosha. Cha kwanza kiwe rahisi mno, kwenye njia, karibu kionekane kutoka mwanzo. Mtu akikipata anaamini ramani, na akiiamini atajaribu kigumu. Kuanzia cha tatu mpe uchaguzi: njia ndefu iliyo wazi kuzunguka, au fupi kukata msituni. Huo uchaguzi ndio utamu wa mchezo. Pia kila kituo kiwe na kitu kikubwa nyuma yake cha kumzuia aliyekipita, kama mto, ua au njia kuu, ili uweze kumwambia, "Ukiufikia mto, umepitiliza, geuka."

Kwenye ramani, mwanzo huchorwa pembetatu, kila kituo duara lenye namba, na mwisho ni duara mbili, moja ndani ya nyingine, vyote kwa rangi ya zambarau. Kitu chenyewe kiwe katikati kabisa ya duara.

Ushahidi kwamba mtu alifika

Kuna njia tatu, na nimezitumia zote.

Ya kwanza ni bendera. Ya mchezo huu ni miraba mitatu ya kitambaa ya sentimita 30 kwa 30, iliyoshonwa ikawa kama boksi la pembe tatu, kila mraba ukigawanywa kwa mshazari, nusu nyeupe na nusu ya rangi ya chungwa. Fundi cherehani yeyote atakushonea ukimchorea. Ning'iniza kwa kamba ya katani, usitumie msumari wala waya. Funga kwa kukaza pande mbili, juu na chini, kwa sababu bendera inayopeperuka ni mwaliko kwa tumbili. Tumewahi kuikuta moja juu ya tawi ambalo hakuna mtu angelifikia. Kwenye bendera andika herufi mbili, ambazo mshiriki atazinakili kwenye kadi yake. Herufi zisifuatane, yaani kituo cha 1 kisiwe A na cha 2 kisiwe B, mtu asije akabuni.

Ya pili ni swali, na kwa Arboretum hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Huweki kitu chochote bustanini. Unauliza: "Kibao cha mti huu kimeandika kwamba unatoka bara gani?" au "Daraja lina nguzo ngapi upande wa kushoto?" Mtu anarudi na majibu, na njiani amesoma majina kumi ya miti aliyokuwa akipita kila Jumapili bila kuitazama. Swali liwe na jibu lisiloweza kupatikana kwenye simu, na vibao uvikague siku moja kabla, maana vya chuma hung'olewa vikauzwa chakavu.

Ya tatu ni simu. Programu ya MapRun hulia yenyewe mshiriki anapofika kwenye kituo, na humwekea muda wake, kwa hiyo mtu anaweza kucheza hata siku ambayo wewe hupo. Ila chini ya miti mirefu GPS huyumba mita kumi au zaidi. Weka vituo mahali palipo wazi kidogo, na usiviweke viwili karibu sana. Pia si kila mtu ana simu yenye chaji na bando. Toa karatasi kwa kila anayetaka.

Dira, jua, na yale ya vitabu yasiyofanya kazi hapa

Kwa bustani ndogo dira si lazima, lakini watu huipenda. Ukinunua, uliza iliyosawazishwa kwa eneo letu, au ile ya dunia nzima. Sumaku ya dunia haivuti kwa usawa wa ardhi tu, huvuta pia kuelekea chini au juu, kutegemea uko wapi. Dira iliyosawazishwa kwa Ulaya ikifika Nairobi sindano yake huinama upande wa kusini, ikakwaruza kioo, ikakwama. Mtu atasema dira ni mbovu kumbe iko nchi isiyo yake. Kwa upande wa tofauti kati ya kaskazini ya dira na kaskazini ya kweli tuna bahati: hapa Nairobi tofauti hiyo ni ndogo mno, kwa mchezo wa bustanini usiihesabu.

Na ile mbinu ya kwamba saa sita mchana jua liko kusini, iache huko huko kaskazini ya dunia. Sisi tuko zaidi kidogo ya nyuzi moja kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua la mchana liko kaskazini yetu, Desemba liko kusini, na mwishoni mwa Machi liko karibu utosini. Kinachofaa kila siku ni mawio na machweo. Asubuhi kivuli chako kinalala magharibi, na hilo hata mtoto wa miaka sita analishika.

Kuchapisha, kisha kumpa mgeni ajaribu

Chapisha kwa mashine ya leza, wino wake haumwagiki mvua ikinyesha. Mwambie wa saiba achapishe kwa asilimia 100. Akibonyeza kile kitufe cha kujaza ukurasa, kipimo chako kimekuwa uongo. Pima kwa rula kabla ya kulipia: umbali wa mita 300 uliopimwa kwa miguu lazima uwe sentimita 10 kwenye ramani ya 1:3,000. Kinga ramani kwa folda ngumu za kutumika tena na uzidai wakati wa kurudi.

Kisha, siku tatu au nne kabla, mpe ramani mtu ambaye hajawahi kuandaa mchezo huu, umfuate kimya. Usimsaidie hata kwa kukohoa. Kila mahali anaposimama zaidi ya nusu dakika, weka alama. Hapo ndipo ramani haijasema vizuri, na bado una siku za kurekebisha.

Siku yenyewe

Fika mapema uning'inize bendera na kukagua kila kituo kwa mkono, kuanzia cha mwisho kurudi cha kwanza. Weka meza kivulini karibu na lango. Kwenye daftari andika jina la kiongozi wa kila kundi, idadi yao, saa waliyoondoka na namba ya simu. Vyakula vibaki vimefungwa begani, kwa sababu kima wa Arboretum wanakijua kifungua cha begi kuliko mwenye begi.

Maelezo yasizidi dakika tano, na yawe kwa vitendo. Mpe mtu ramani mkononi, umwonyeshe pembetatu ya mwanzo, umwambie aizungushe mpaka njia ya kwenye karatasi ielekee kama njia iliyo mbele yake. Maandishi yakiwa kichwa chini, yaache hivyo. Muhimu ni kwamba kilicho mbele yako kiwe mbele kwenye ramani, na kila unapokata kona karatasi nayo inageuka. Kisha aweke kidole gumba pale alipo, akisogeze kadiri anavyotembea. Waliopotea wengi niliowahi kuwafuata walikuwa wameondoa kidole kwenye ramani ili kupiga picha au kupokea simu, wakashindwa kukumbuka walikuwa wapi. Aliyechanganyikiwa asiendelee mbele kwa kubahatisha, arudi mahali pa mwisho alipokuwa na hakika.

Wanaotaka ushindani wape mchezo wa pointi: vituo 15, vya karibu pointi 10, vya mbali 20 au 30, muda dakika 60, na kila dakika ya kuchelewa inakatwa pointi 10. Hapo kijana mwenye mbio anaweza kushindwa na mama aliyekaa kwanza dakika mbili akapanga njia. Familia zenye watoto wadogo na wazee ziachie muda wazi.

Watoto wa chini ya miaka kumi na miwili waende na mtu mzima. Kwa wote, sharti ni moja lisilo na mjadala: ukianza, lazima urudi kuripoti mezani, hata kama umekata tamaa kwenye kituo cha pili na unataka kwenda zako. Asiporipoti, watu watamtafuta msituni mpaka giza wakati yeye yuko kwenye matatu anaelekea Kawangware. Andika sharti hilo kwenye ramani pamoja na namba yako ya simu.

Funga mwanzo saa moja na nusu kabla ya kufunga mwisho. Dakika kumi baada ya mwisho, pitia daftari, mpigie simu kila ambaye hajawekewa tiki. Wakati mwenzako anapiga simu, wewe zunguka ukikusanya bendera na kamba zake zote, ukihesabu kwa sauti. Zikitimia zote na majina yote yana tiki, pita langoni umwambie askari kwamba watu wako wote wametoka.